Bi Sabuni na Majongoo wa Chumba Namba Tisa

Ukiingia jengo la Biolojia la chuo kile saa moja na nusu asubuhi, harufu ya sabuni ilikupokea kabla ya mtu yeyote. Mwenye sabuni hiyo alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mnene kiasi, kilemba kimefungwa fundo ubavuni, viatu vya mpira miguuni. Nyumbani kwake aliitwa Mama Pacha, kwa kuwa uzazi wake wa kwanza na wa mwisho ulimpa mabinti wawili kwa mpigo. Kazini, kuanzia mlinzi wa getini hadi maprofesa, walimwita Bi Sabuni, naye aliitika bila kununa.

Kwa miaka kumi na tisa alilisafisha jengo lile kama mtu anayegombana nalo. Alifuta swichi za taa, migongo ya milango, hata miguu ya meza kwa chini, mahali ambapo hakuna mkaguzi aliyewahi kuinama. Katika darasa la anatomia kulikuwa na mifupa ya mbuzi iliyosimamishwa kwa waya, naye aliisugua ubavu mmoja baada ya mwingine huku akizungumza nayo: "Simama vizuri, wewe, nikufute kwapa." Wanafunzi walicheka, lakini hakuna aliyethubutu kutupa ganda la ndizi mbele yake.

Alikuwa ameacha shule darasa la sita. Si kwamba hakuwa na akili. Shule ilikuwa mbali, na nyumbani kulikuwa na wadogo wa kubebwa. Jambo hilo halikumuuma sana. Lililomuuma ni pale wasomi waliposimama katikati ya sakafu yake wakizungumza mambo makubwa juu ya kichwa chake, kana kwamba mwenye ufagio hana masikio.

Majongoo waliingia maishani mwake ndani ya ndoo.

Aliyewaleta alikuwa mhadhiri kijana wa kike, mwembamba, mwenye miwani mizito, aliyekuwa akitafiti viumbe wanaoishi kwenye majani yaliyooza. Alikuwa ametoka kwenye msitu uliokuwa ukikatwa ili barabara ipite. Akaitua ndoo kwenye sakafu ya Chumba Namba Tisa, mwisho wa ukumbi, akafunua kifuniko. Bi Sabuni alichungulia, akaruka nyuma, mgongo ukagota ukutani.

"Mwalimu! Hao si wa kufagia?"

"Si wa kufagia, mama. Wa kulisha."

"Nani awalishe?"

Mhadhiri alitazama saa yake. Alikuwa na vipindi vinne kwa siku na mtihani wa kusahihisha. Wiki ya kwanza alilisha mwenyewe. Wiki ya pili alimwomba Bi Sabuni amsaidie siku moja tu, mara moja hii. Kazi nyingi duniani huzaliwa hivyo: mtu anaelemewa, mwingine anamsaidia siku moja, na siku moja hiyo inageuka miaka. Kwenye barua yake ya ajira hapakuwa na neno "jongoo". Hata hivyo, kila asubuhi baada ya kupiga deki alikwenda Namba Tisa, akanyunyizia matangi ya vioo maji, akaweka majani makavu, vipande vya gogo lililooza na kipande cha tango.

Walikuwa sita, weusi wa kung'aa kama kiatu cha askari, miguu yao ya rangi ya kutu, urefu wa shubiri moja na vidole vitatu. Mwanzoni aliwashika kwa kijiko cha kuchotea mchanga. Siku moja mmoja alipanda kijiko, akapanda mpini, akafika kwenye kifundo cha mkono wake kabla hajajua la kufanya. Alifumba macho akingoja kuumwa. Hakuumwa. Alihisi kitu kama brashi laini ikipita taratibu kwenye ngozi. Akafumbua jicho moja. Miguu ilikuwa ikinyanyuka na kushuka kwa mawimbi, wimbi moja nyuma ya jingine, kutoka mkia hadi kichwa, bila mguu mmoja kumkwaza mwenzake.

"Aa," alisema peke yake. "Kumbe mna adabu kuliko wanafunzi."

Akaanza kuwachunguza kama alivyokuwa akichunguza madoa. Aligundua kwamba ukiwashtua hujikunja kama mkeka, kichwa kikiwa katikati, na ukizidi kuwasumbua hutoa majimaji yenye harufu kali ubavuni mwa kila pingili. Majimaji hayo yalimwachia vidole vya rangi ya kahawia kwa siku tisa. Alivisugua kwa sabuni ya unga, ya kipande na ya maji, kisha kwa majivu. Doa halikutoka. Katika maisha yake yote lile lilikuwa doa la kwanza kumshinda, na kuanzia hapo aliwaheshimu majongoo kwa dhati.

Ndiye aliyewatambua madume. "Mwalimu, hawa wawili wana pengo," alisema siku moja. "Hesabu pingili toka kichwani. Ya saba haina miguu ya kutembelea. Wale wanne wengine wanayo." Mhadhiri akachukua lenzi, akatazama, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli: kwa madume wa jamii ile, miguu ya pingili ya saba hugeuka kuwa viungo vya kupandia, vinavyojificha chini. Mhadhiri alilisoma hilo kwenye vitabu. Bi Sabuni aliliona wakati akifuta kioo.

Ndiye pia aliyeona walivyojivua gamba. Jongoo aliacha kula, akajichimbia chini, akajijengea chumba cha udongo laini ndani, kama yai lenye mtu. Siku moja aligonga chumba hicho kwa bahati mbaya kikapasuka, akamwona mwenyewe ndani, mweupe, laini, kama aliyekamatwa bafuni. "Samahani, samahani," Bi Sabuni alimwambia, akamfunika haraka, akatoka na kufunga mlango. Wiki tatu baadaye jongoo alirudi juu akiwa mweusi kuliko mwanzo. Gamba la zamani halikuonekana popote, maana alikuwa amelila. Tangu hapo, Bi Sabuni akikuta bonge kubwa udongoni alilizunguka bila kuligusa.

Mumewe, fundi mwashi aliyeumia goti akawa anashinda nyumbani akitengeneza viti vya watu, alipata habari zote hizi mezani, jioni baada ya jioni.

"Mke wangu," alisema, "miaka thelathini nimelala nawe, hujawahi kunihesabu hata vidole. Hao umewahesabu miguu."

"Wewe una miwili, tena mmoja mbovu. Nihesabu nini?"

Mzee alicheka mpaka akashika goti.

Sasa ndipo tufike kwenye Ijumaa.

Mhadhiri alikuwa amebandika ukutani karatasi ya maelekezo, na mstari wa tatu ulisema: *Matangi yasafishwe kila Ijumaa.* Kwa mtu mwingine, maneno hayo yangemaanisha kutoa majani yaliyoota ukungu na kufuta vioo. Kwa Bi Sabuni, kusafisha kulikuwa kusafisha. Alinunua chekeche la unga, jipya kabisa, na kila Ijumaa alichekecha udongo wote wa matangi, ukiacha yale mabonge. Udongo safi ulipita chini. Juu vikabaki vinyesi vya majongoo, vidonge vidogo vya kahawia, kwa mamia. Alivimwaga kwenye pipa la taka za kuchoma, na saa tisa alasiri mtunza bustani alilitia moto. Udongo ukarudi tangini ukiwa mwororo kama wa keki. Mhadhiri akipita Jumatatu alisema, "Mama, matangi yako yanapendeza!" Hakuuliza yanapendezaje. Kuna watu wamesoma mpaka wakasahau kuuliza, na ugonjwa huu hauwapati wabaya tu. Unawapata hata wema.

Miaka miwili ikapita hivyo. Majongoo walikula, wakapandana bila aibu mbele za wanafunzi, wakanenepa. Hawakuzaa.

Muhula wa mwisho wa mwaka wa pili, Bi Sabuni alikuwa akifuta dirisha la ofisi ya Mkuu wa Idara aliposikia kile ambacho hakikukusudiwa masikio yake. Mkuu alikuwa mtu mrefu, mkaidi, mpenda mipango. Suruali yake ilipigwa pasi hadi mkunjo ungeweza kukata mkate. Alikuwa akizungumza na mhadhiri.

"Mashine ya kurudufu inakuja. Nahitaji Namba Tisa."

"Mkuu, nipe muda. Aina hii haijawahi kuzalishwa kwetu. Na kule nilikowatoa sasa ni lami."

"Miaka miwili si muda? Muhula unafungwa baada ya wiki saba. Nikiona watoto wa jongoo, chumba ni chako. Nisipoona, hao sita watie kwenye chupa za spiriti, wawekwe kabatini, wanafunzi watawaona vilevile. Na uandike ripoti yako kwamba hawazaliani kifungoni. Hilo nalo ni tokeo la utafiti."

"Ndiyo, Mkuu," alisema mhadhiri kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali.

Bi Sabuni aliendelea kufuta kioo kimoja hichohicho mpaka kikataka kutoboka. Chupa za spiriti alizijua. Alizipangusa vumbi kila Jumatano: mjusi mweupe, chura mweupe, nyoka mweupe, wote wamekodoa macho. Akamfikiria yule wa kwanza kumpanda mkono, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Alishangaa mwenyewe. Mtu mzima, kulia kwa ajili ya jongoo!

Ijumaa iliyofuata alichekecha kama kawaida, lakini taratibu, kwa sababu mikono ilikuwa mizito. Alikaa dirishani, jua likiingia moja kwa moja kwenye chekeche. Kidonge kimoja kikaruka, kikaanguka sakafuni, naye akakiokota ili asichafue. Kilikuwa cha mviringo. Akatazama. Vinyesi vingine vilikuwa na ncha mbili, vimerefuka kidogo, na ukivibonyeza vinamomonyoka. Hiki kilikuwa duara kama gololi, kigumu. Akakibinya kwa ukucha.

Kikapasuka kama ganda la karanga. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, chenye kung'aa, kama punje ya mtama.

Kisha akachukua kingine cha mviringo, akakipeleka karibu na jua, akakirudisha. Hakuhitaji kukivunja. Mwanamke aliyezaa mapacha hahitaji kuambiwa yai ni nini. Mama jongoo alikuwa amelifunga kila yai peke yake, kwa udongo alioutafuna na kinyesi chake mwenyewe, likafanana na uchafu ili asiyejua alipite. Na asiyejua hakulipita. Alikuja na chekeche.

"Ijumaa mia moja," alinong'ona. "Mungu wangu, Ijumaa mia moja nimewachoma watoto wa watu."

Angeweza kunyamaza, hilo liko wazi. Hakuna aliyemwona. Angerudisha vidonge, akangoja, na vikianguliwa angepongezwa pamoja na wengine. Visipoanguliwa, ripoti ingeandikwa kwamba majongoo hawa hawazai kifungoni, uongo huo ungechapwa, ungesomwa na watu wa mbali, na hakuna ambaye angejua kwamba ulitengenezwa na chekeche la unga. Akisema, Mkuu angekuwa na kila sababu ya kumtoa getini na barua mkononi, mwaka wa ishirini ukiwa mlangoni.

Alijifuta mikono kwenye aproni. Akalibeba chekeche kama trei ya chai, akaenda hadi ofisi ya mhadhiri, akasukuma mlango kwa kiwiko.

Mhadhiri alikuwa akiandika. "Mama, samahani, nimebanwa na hii ripoti."

"Umefika wapi, mwanangu?"

"'Majike hawakutaga katika kipindi chote cha...'"

"Futa."

"Unasemaje?"

"Futa hayo. Wametaga. Mimi ndiye niliyekuwa nachoma."

Akamweleza yote, amesimama, hakutaka kukaa. Alipomaliza akalisukuma chekeche mezani, juu ya karatasi. Mhadhiri alichukua kidonge, akakivunja, akaweka lenzi jichoni. Alikaa nayo hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoishusha, macho yalikuwa mekundu, naye akaanza kucheka, kicheko kile kinachoanzia puani.

"Unacheka nini? Nifukuzeni, mmalize."

"Nani aliandika 'yasafishwe kila Ijumaa'?"

"Wewe."

"Nani amekaa miaka miwili hakuwahi kuja hata Ijumaa moja kuona unavyosafisha?"

Bi Sabuni alivuta kiti, akakaa.

"Nilikuwa nakuja Jumatatu kusifia vioo," alisema mhadhiri. "Mama, sisi wawili tungekuwa madaktari, mgonjwa angekuwa amezikwa zamani. Vimo vingapi humu?"

Walihesabu pamoja, vichwa vikigongana. Vidonge vya mviringo thelathini na nane. Wakachimba shimo kwenye tangi kubwa, wakavipanga ndani kimoja kimoja, wakafunika, wakanyunyizia maji. Kisha mhadhiri akachana karatasi ya ukutani, akamgeukia. "Kuanzia leo usisafishe. Usichekeche, usipanguse. Watoto wakianguliwa watahitaji hata vile vinyesi. Ndicho chakula chao cha kwanza."

"Nisipanguse *kabisa*?"

"Kabisa."

Nakuambia, hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo ambayo chuo kingempa. Wiki ya kwanza alivumilia. Wiki ya pili ukungu mweupe uliota juu ya gogo kama ndevu, naye akapita mbele ya tangi uso kauficha kwa mkono. Wiki ya tatu vioo vilifanya utando wa kijani. Aliota yuko na tambara, akaamka anasugua mto, mumewe akamwambia, "Mama Pacha, huo ni ubavu wangu." Wafagizi wenzake walipopita Namba Tisa walisimama mlangoni kushuhudia.

"Shoga, umestaafu usafi?"

"Huyu karogwa. Jengo zima linang'aa, chumba kimoja kinanuka kama shimo la mboji!"

"Pita huko," aliwajibu. "Huo ni uchafu wa kitaalamu."

Neno hilo likaenea jengo zima. Wanafunzi wakaanza kulitumia kuelezea vitanda vyao.

Wiki ya tano Mkuu wa Idara alikuja na seremala, kupima ukuta kwa ajili ya rafu za karatasi. Bi Sabuni aliwaona wakitokea ngazini. Sasa, katika jengo lile kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: sakafu ya Bi Sabuni ikiwa na maji, haikanyagwi. Mkuu wa chuo mwenyewe aliwahi kusimama dakika kumi, faili kwapani, akingoja ikauke. Bi Sabuni alimwaga ndoo nzima ukumbini, kutoka ukuta hadi ukuta, akaanza kupiga deki polepole kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Bi Sabuni, tunapita," alisema Mkuu.

"Shikamoo, Mkuu. Panakauka sasa hivi."

Walingoja. Palipokaribia kukauka, alitumbukiza tambara tena. Seremala, ambaye hakuwa na haraka ya maisha, alikaa ngazini akajipepea kwa kofia. Baada ya robo saa Mkuu aliangalia saa yake, akakumbuka kikao, akaondoka. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu Mkuu alivua viatu, akavishika mkononi, akapita na soksi.

Hapo maji yakawa yamemaliza kazi, yakabaki maneno. Mkuu aliingia Namba Tisa, akaziba pua, akalitazama tangi kubwa lenye ukungu na utando.

"Hii ni kazi yako wewe? Miaka yote hii nilidhani wewe ndiye mtu msafi kuliko wote chuoni."

"Ndimi, Mkuu. Ndiyo maana najua hili si la kusafishwa."

"Chini kuna nini?"

"Mayai."

"Basi tuchimbue tuone. Yakiwepo, vizuri. Yasipokuwepo, tusipotezeane muda." Akanyoosha mkono kuelekea kijiko.

Bi Sabuni aliwahi kijiko, akakikumbatia kifuani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajamjibu Mkuu yeyote neno zaidi ya "ndiyo" na "shikamoo".

"Mkuu, mimi nilichimbua. Kila Ijumaa, miaka miwili. Nikachekecha, nikachoma. Ndiyo sababu hujaona watoto, siyo kwamba hawazai. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kwa hilo, nitakwenda. Lakini hapo chini usitie mkono. Umetupa wiki saba. Leo ni ya tano."

Seremala alitazama futi yake kana kwamba imeandikwa habari. Mkuu alivaa kiatu kimoja, akasimama na kingine mkononi.

"Mwalimu anajua hili?"

"Nilimwambia siku ileile."

"Hakuniambia."

"Alisema kosa ni lake."

"Wote wawili mnagombea kosa," alisema Mkuu. "Ofisi yangu imejaa watu wanaolikimbia." Akavaa kiatu cha pili. "Wiki mbili. Nitakuja na soksi kavu."

Wiki ya sita haikuleta kitu. Wiki ya saba, Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna. Alhamisi asubuhi, Bi Sabuni alipiga magoti mbele ya tangi, akatafuta sehemu ya kioo isiyo na utando, na pale udongo ulipogusana na kioo akaona kitu cheupe, kidogo kama mkato wa kalamu. Akadhani ni mzizi. Mzizi ukajikunjua, ukatembea.

Walisikia kelele yake hadi getini.

Mhadhiri alikuja mbio na kalamu sikioni. Walikuwepo watatu, halafu watano, halafu wakashindwa kuhesabu kwa kuwa machozi yalikuwa yakiingia kwenye lenzi. Mkuu aliitwa. Akachutama, akatazama kwa makini, na kwa haki lazima tuseme kwamba alikuwa mwanasayansi kabla hajawa mpanga vyumba.

"Huyu ana miguu sita," alisema.

"Ndiyo," alisema mhadhiri, "huanza na jozi tatu, kisha..."

"Mwalimu, tangi hili limeoza mwezi mzima. Wadudu wangapi wamepita hapa? Cheupe, kidogo, miguu sita. Nikipeleka hiki mbele ya kamati, wataniambia nimewaonyesha mtoto wa mende au mdudu wa mbolea."

"Si mdudu wa mbolea!" alifoka Bi Sabuni, kama bibi aliyetukaniwa mjukuu.

"Basi mnithibitishie."

"Mdudu wa kawaida akizaliwa na miguu sita atakufa na miguu sita," alisema Bi Sabuni. "Jongoo kila akijivua anaongeza. Baba yake ana zaidi ya mia mbili, hakuzaliwa nayo tumboni. Tupe mpaka Jumatatu, Mkuu. Ikizidi, ni jongoo. Isipozidi, mimi mwenyewe nitaosha chupa za spiriti."

Muhula ulikuwa unafungwa Ijumaa. Mkuu aliangalia kalenda ukutani, akaangalia yule mama aliyesimama mikono kiunoni. "Jumatatu," alisema.

Watatu waliwekwa kwenye kisahani cha kioo, juu ya majani yaliyosagika na vumbi la vinyesi. Jumamosi Bi Sabuni alikuja kazini ingawa haikuwa zamu yake. Mumewe akamsindikiza akichechemea, akisema anataka kuwaona hao wake wenza. Watoto walikuwa wamejikunja, hawatembei. Bi Sabuni alishika kidevu.

"Wamekufa?" aliuliza mzee.

"Hapana. Wanabadilisha nguo. Geuka, usiwatazame."

Na mzee, fundi mwashi wa miaka sitini, akageuka.

Jumatatu saa mbili Mkuu aliingia. Sakafu ilikuwa kavu. Nyuma yake alikuwepo seremala na futi yake, maana alikuwa ameambiwa aje kwa vyovyote. Mhadhiri alisukuma kisahani chini ya darubini, akasogea pembeni. Mkuu akainama.

Alihesabu kwa mdomo bila sauti. Akaanza upya. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaanza tena.

"Saba," alisema mwishowe. "Jozi saba."

"Miguu kumi na minne," alisema Bi Sabuni. "Nilihesabu saa moja."

"Huyu mwingine anatembea, ananichanganya."

"Mpulizie kidogo, atajikunja. Si hivyo, Mkuu, unampeperusha! Hivi."

Mkuu wa Idara, mtu wa mkunjo wa suruali, alipuliza kama alivyoelekezwa. Akahesabu wa pili, na wa tatu. Alipoinuka alikuwa na alama ya darubini kuzunguka jicho, na tabasamu ambalo hakuna aliyewahi kuliona katika jengo lile, halijui pa kukaa usoni.

"Mashine itakaa kwenye chumba changu cha mikutano," alisema. "Mikutano ni mingi mno hata hivyo." Kisha, kwa mhadhiri: "Ripoti iandikwe upya. Pale penye jina la aliyegundua mayai, nataka kuona majina mawili, na la kwanza lisiwe lako."

"Nilishaandika hivyo," alisema mhadhiri.

Bi Sabuni alishika ukingo wa meza. Alitaka kusema asante, likatoka jambo jingine kabisa. "Mkuu, watahitaji nafasi. Wakikua wote, matangi matatu hayatatosha."

Seremala akakohoa. "Jamani, mimi nipime nini sasa?"

"Njoo huku, baba," alisema Bi Sabuni, akamshika mkono akampeleka ukutani. "Rafu nne. Ya kwanza ianzie hapa usawa wa goti langu, maana ninachutama sana, na ya juu isizidi kichwa changu. Mwalimu ni mrefu, yeye atainama."

Seremala akakunjua futi, akaanza kupima goti.